Moshi Unakotaka Kwenda

Kabla ya kiberiti nilipita kwa jirani.
Upepo wa Dodoma hautambui ukuta wa tofali,
na mwezi wa nane huvuma utakavyo:
unabeba vumbi la Nzuguni, utabeba na moshi wangu
hadi kwenye kamba ya Mama Chilewa,
penye mashuka meupe na sare za kwaya.
"Mama," nikasema, "leo nachoma mbuzi."
Akanitazama kama anayekagua risiti.
"Kuniarifu umeniarifu. Sasa anua mwenyewe."
Nikaanua, shuka kwa shuka, vibanio mdomoni.

Mbuzi nilimpata jana, mnada wa Msalato.
Muuzaji alikula kiapo kwamba ni kijana;
meno yalisema vingine. Nikanyamaza.
Umri wa kitoweo haujadiliwi mbele ya wageni.
Nikamwomba Swalehe wa Kondoa aje achinje,
asije akawapo mtu wa kukumbatia soda peke yake
akisingizia tumbo.

Niliwaambia saa nane.
Saa nane alifika Ndahani tu, na gunia la mkaa begani.
Hakuuliza mbuzi yuko wapi. Aliuliza, "Nianzie wapi?"
Akapewa vitunguu, akalia kwa heshima.

Na wewe, shemeji Yoramu,
nakupenda, dada yangu ni shahidi,
lakini jiko la mtu ni kama mswaki wake.
Hukuombwa, ukashika koleo.
Ukageuza ubavu ambao haukuwa na shida.
Ukaonja. Ukaonja upande wa pili.
Ukasema chumvi haijakolea, ukaonja kuthibitisha.
Wageni wa saa kumi wakakuta mifupa imejipumzisha
na wewe unasikitika
kwamba mbuzi wa siku hizi wadogo.

Mwalimu Sekela hali nyama.
Hakutangaza. Alikaa na ndizi zake na kachumbari,
na hakuna aliyemhoji,
isipokuwa wewe, Yoramu, mara tatu.

Watoto walikula kwanza:
mtoto mwenye njaa karibu na moto
ni ajali inayotafuta dakika.
Maini nilimwekea mama mkwe. Akayatazama,
akayakata vipande tisa, akayagawa,
kwake kikabaki kisu.
Binti yangu akapita na birika,
maji ya uvuguvugu, maana mafuta ya mbuzi
yakikutana na maji baridi
huganda vidoleni kama deni.

Pilipili niliiweka pembeni, kwenye bakuli lake.
Kila mtu ana moto wake wa kutosha.

Jua lilipozama baridi ikashuka ghafla, ile ya kwetu,
na watu ambao siku nzima walikuwa wakiukimbia moshi
wakagundua wanampenda sana mwenye jiko.
Hapo ndipo mgeni hupimwa.
Ndahani alizoa majivu. Swalehe alirudisha viti vya kanisa,
vyote thelathini, akavihesabu mwenyewe.
Yoramu alikuwa akitafuta mfuko.

Nikampa mfuko. Nifanyeje?
Nikamwekea na paja, maana dada yangu yuko nyumbani,
mjamzito, na miguu imemvimba,
na huenda koleo lile lote, kuonja kule kote,
kulikuwa ni woga wa mtu
asiyejua aombe vipi kwa ajili ya mwingine.
Huenda. Lakini koleo nitalificha tu.

Sahani ya Mama Chilewa haikutoka kwenye mabaki.
Niliitenga mapema, mbavu za juu, nikaifunika kawa,
nikampelekea pamoja na mashuka yake,
nimeyakunja vibaya, kwa uwezo wangu wote.
Alipokea bila neno.

Jumanne sahani ikarudi. Haikurudi tupu:
kishada cha zabibu za Hombolo,
na kando yake, vimepangwa kama uma na kisu,
vibanio viwili vya nguo.
"Vyako," akasema. "Kwa Jumapili nyingine.
Na yule mwenye koleo
mwambie aje saa moja asubuhi. Nina nguo za kufua."