Jumapili ni Siku ya Kazi

Ijumaa huku ni mapumziko,
kwa hiyo kifo chake nilikipata kwa nafasi:
basi kutoka Ibra, saa mbili za milima isiyo na nyasi,
kisha foleni ya Ruwi, uani, chini ya turubai,
mbele yangu Wafilipino, nyuma yangu Wamalayali,
tukaubusu msalaba wa mbao mpaka ukalowa.
Lakini kufufuka kumeangukia Jumapili,
na Jumapili ni siku ya kazi.

Saa kumi na moja alfajiri nimekwisha bandika maji.
Bi Thuwaiba haogi ya baridi.
Namnyanyua, mwepesi kama kapu tupu,
namsugua mgongo, namgeuza,
namkausha katikati ya vidole,
nafukiza ubani wa Dhofar chini ya kanga
aliyoondoka nayo Wete, mwaka anaoujua yeye.
"Ijumaa ulikwenda kumlilia nani?"
"Nabii Isa, Bi."
"Mbona sisi twajua hakufa? Mola kamnyanyua,
mikono yao haikumfika."

Sikubishana.
Nani hubishana na mtu aliye uchi mikononi mwake?
Nikamchana nywele.

Ila moyoni nilikuwa najibu.
Bi, mimi nahitaji awe alikufa.
Mwakio wangu alizikwa Wundanyi mwezi wa Novemba
nikitazama kwenye simu inayokatakata.
Jeneza likasimama hewani, picha ikaganda;
iliporudi, watu walikuwa wanakung'uta udongo viatuni.
Sikumwosha. Nilikuwa naosha hapa.
Mungu wa juu tu, mzima,
asiyewahi kupoa miguu,
ningemwambia nini?
Namtaka aliyeshuka mpaka kule,
akafungwa taya kwa kitambaa,
akalala kwenye ubaridi ule ule,
ili mtoto wa miaka tisa alipofika
asikute giza lenyewe.
Akute mtu,
na mtu huyo awe anajua pa kutokea.

Na wale wanawake wa asubuhi ile nawajua.
Hawakwenda kusherehekea.
Sabato imekwisha, kazi imerudi,
wamebeba manukato na matambara,
wanawaza uzito wa lile jiwe
kama niwazavyo mtungi wa gesi na ngazi zake.
Walikwenda kuosha maiti.
Habari iliwakuta kazini.

Kulipopambazuka nilitoka kumwaga maji.
Huku maji husafiri chini ya ardhi kutoka mlimani.
Waliouchimba mfereji wamekufa zamani,
hakuna ajuaye hata majina yao,
na bado maji yanapita humo gizani, mwendo mrefu,
mpaka yanajitokeza kati ya mitende
yakiwa na visamaki.
Falaji, wanaita.
Zamu yetu ilikuwa imefika.
Mtu ameinama penye mlango wa mfereji,
anaondoa jiwe, anazibua matambara.
Nikadhani ni Shofikul, mtunza shamba.
Alikuwa Shofikul.
Aliniinulia mkono wenye tope, akaendelea.

Hapo ndipo sauti ikaja kutoka nyuma yangu:
"Mkamburi!"

Miaka minne nyumba hii inaniita Meri,
jina la dada aliyenitangulia,
nililirithi pamoja na aproni.
Sijui Bi alilitoa wapi langu.
Pengine usiku hunisikia nikiongea na mama.
Pengine amekuwa nalo siku zote,
amelihifadhi, kama ile kanga.

Nikageuka, beseni mkononi,
na kwa muda wa pumzi moja,
maji yakiwa yanaingia kwenye mizizi,
sikujua ni nani aliyeita.

Kisha akasema chai haina sukari.