Baiti Mbili

Usiku wa Februari, Tartu. Mto umeganda,
na paa la jirani linaangusha barafu kwa vishindo.
Nimepika programu ile ile mara mbili:
mara moja hapa jikoni, kwenye kompyuta yangu kuukuu,
mara ya pili kwa Taavet, ng'ambo ya daraja.
Msimbo mmoja, herufi kwa herufi,
na mapacha wamezaliwa hawafanani.

Tofauti: baiti mbili.
Mbili, katika milioni tatu!
Taavet akaandika: Pakia tu, Leelo, nani atahesabu?

Nani atahesabu. Ndiyo shida yenyewe.
Msimbo husomwa; ukikosea, mpita njia hukusuta.
Ukishausaga ukawa sifuri na moja
haurudi tena kuwa nafaka,
na kila anayeuchukua ghalani
ameuziwa mbuzi kwenye gunia:
kasikia mlio, kaamini ni mbuzi.

Kazi yake ni ndogo, hii programu. Husoma mizani.
Uzito unaingia, namba inatoka.
Anaitumia mwoka mikate wa Viljandi, na posta moja huko Riga,
na wodi ya watoto njiti
iliyoniandikia mara moja tu, kushukuru,
na tangu hapo kila siku ya kutoa toleo
usingizi hunikimbia.

Basi nikazifukua zile baiti hadi saa tisa usiku.
Si mdudu. Si mwizi.
Ni saa.
Mashine ilijichanja tumboni saa ya kuzaliwa kwake,
na ya Taavet ikajichanja ya kwake,
dakika kumi na moja baadaye.

Nikaizima ile saa. Nikapika upya.
Taavet naye akapika, akinung'unika.
Nikamsomea kwa simu alama sitini na nne za utambulisho,
akizifuata kwa kidole:
sawa, sawa, sawa, ngoja, rudia hiyo,
sawa.

Nikatia sahihi kwa ufunguo alioniachia Marju alipochoka.
Nikabonyeza.
Ghala likapokea bila neno. Halirudishi, halifuti;
yakimwagika, unaruhusiwa tu kubandika kando: msitumie.

Asubuhi mama akauliza macho yana nini.
Nilikuwa napima, nikasema.
Unapima nini?
Nikakosa cha kumwonyesha.
Akanikatia mkate mweusi, kipande kinene,
na karatasi ya dukani bado imeganda kwenye ganda lake:
gramu mia nane na mbili.