Salio

Leo asubuhi benki ya Barka
imenibakishia riali saba na baisa mia mbili.
Miaka kumi na tisa ya kofia,
tobo kwa tobo, hadi uzi nikawa siuoni,
imeondoka kwa saini moja.
Karani hata uso hakunyanyua.

Sasa nina funguo nne, na sauti yangu
inanirudia kutoka vyumba vitupu.
Zuwena anauliza mapazia yawe rangi gani.
Ngoja, mwanangu. Ngoja kwanza nilie.

Usiku nazima kiyoyozi, naogopa bili.
Napapasa ukuta, vumbi la chokaa vidoleni:
hapa kofia ya Bwana Zahran, ya harusi,
hapa ile niliyoifumua mara tatu.

Mwenye nyumba ni mimi.
Mbona tarehe mosi ikikaribia
natega sikio mlangoni?