Kitenzi cha Jumatano

Darasa la jioni, ukumbi wa kanisa, Accrington.
Hita inakohoa. Bi Ormerod anaandika ubaoni
maneno mawili mafupi kama meno ya mbele:
pick up.

"Maana yake?"
Zdzisław, mwashi, ambaye jina lake nalo ni mtihani,
vumbi la matofali bado limo kwenye nyusi,
anainama, anaokota kipande cha chaki sakafuni,
anamkabidhi.
"Ndiyo maana ya kwanza," anasema Bi Ormerod.

Nami nikaandika daftarini: kuokota.
Ningejua, ningeacha nafasi.

Maana Yevheniia humpitia mwanawe shuleni saa tisa na nusu,
hamwokoti, mtoto si sarafu ya njiani,
na bado ni pick up.
Faraz mafua aliyapata kwenye basi la Blackburn: pick up.
Kireno alikidaka jikoni, bila mwalimu,
kwa kusikiliza matusi ya mpishi: pick up.
Upepo ukizidi kule mlimani Pendle,
kebabu zikianza kununulika tena baada ya Januari,
polisi wakimzoa mtu alfajiri,
mzee akiopoa mchumba baa
(darasa likaangua kicheko, Bi Ormerod akaiva uso hadi masikioni),
pick up, pick up, pick up.

Lugha gani hii, nikawaza,
sufuria moja ya chai, ya maharage, na ya kuogeshea mtoto?
Sisi hata mwizi wa nyama chunguni
tumempa kitenzi chake: hudokoa.

Kisha kanuni. Maneno haya huachana kidogo;
mimi, wewe, yeye, hukaa katikati
kama mtoto kitandani kati ya mama na baba.
Ukimweka nje, ni kosa.

Zdzisław akanyoosha mkono.
"Binti yangu. Simu. Hapokei."
Kitenzi kisaidizi kilikosekana. Bi Ormerod akasahihisha.
Akarudia, sawasawa safari hii.
"Tangu Machi," akaongeza.

Chaki ikasimama.

"Na hapo katikati, hakai mtu?"
"Kwa simu, hapana," akasema mwalimu polepole.
"Kwa simu hubaki hivyo."

Saa mbili tukapanga viti.
Ukurasa wangu umejaa, kuokota limebanwa kona.
Nje, manyunyu yale ya Lancashire yasiyojua kuaga.
Zdzisław kituoni, simu sikioni,
anahesabu milio kwa Kipoland.
Basi lake likaja, likafungua mlango,
likafunga.