Mguu Ule

Wamemfunga Zdzisław kifundoni
kidude cheusi, chepesi kuliko saa ya marehemu babake.
Hakimu alisema: nyumbani ni afadhali.
Majirani wakasema: kaponea chupuchupu.

Łódź, ghorofa ya nne, theluji dirishani.
Juu ya friji kisanduku kinakonyeza kijani,
mgeni aliyepitisha siku ya tatu
na hakuna wa kumpa jembe.
Saa moja usiku mlango unakuwa ukuta
ingawa kitasa kinazunguka,
ingawa funguo anazo mwenyewe.

Mbwa anakwaruza zulia, anataka nje.
Kalina, miaka tisa, anavaa buti za mamake,
anashika kamba, anashuka.
Baba anahesabu nyayo: ya tatu, ya pili,
mlango wa chini.
Kimya.

Anabana uso kwenye kioo.
Kule kwenye mapipa ya taka
mtoto anamngoja mbwa amalize,
kisha anainua mkono.

Jela, alimwambia mkewe,
unajua pa kupigia kichwa.
Hapa unakunywa supu ya bitiruti,
unajikuna mguu,
na mtu usiyemjua, mahali usipopajua,
anaandika kitu.

Mbwa amerudi na theluji puani.
Ananusa kifundo,
anazunguka mara mbili,
anaulalia mguu ule ule.