Daftari la Madeni, Kuanzia Nyuma

Lori la Amisse lilikufa giaboksi hapa Mwaloni Kirumba,
magunia tisini ya dagaa mgongoni,
na kifaa kiko Dar, kinakuja kesho,
kesho ile ya mafundi.
Nikampelekea chai. Nikamwambia:
Mjukuu wangu yuko Nampula, kwenu.
Mama yake alimfuata mtu huko, mimi sikuzuia.
Jumapili tunapigiana simu, tunahemeana tu.
Sitaki Kireno cha ofisi ya uhamiaji.
Nipe kile mtoto anachosemea akigombania sabuni.

Akacheka. Akaomba karatasi.
Nikageuza daftari la madeni, tukaanzia nyuma.

*A gente vai.*
*A gente*, akasema, ni watu; maana yake sisi.
*Vai* ni anakwenda.
Watu anakwenda? Amisse, hapo umenipunja.
Kwetu ukisema sisi, kitenzi kinavaa tu-,
hata kikiwa usingizini.
Akasema: ya namna hiyo ipo, wanaivaa shuleni.
Kibarazani tunasema hivi: sisi wote, mwendo mmoja.
Nikaandika, ila pembeni nikatia alama ya kuuliza,
kama ninavyomtilia Shija
akisema atalipa mwisho wa mwezi.

Meza haikunisumbua, wala kopo, wala leso;
vitu vyao vimelowea kwetu, havikumbuki kwao.
Ila meza yao ni mwanamke.
Nikaitazama hii ninayowekea mizani,
mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya nyavu,
nikaona haya kwa ngumi nilizoipiga.

*Tudo bem? Tudo bem.*
Hilo nililishika kabla chai haijapoa.
Mtu aliyekulia kwenye salama? salama
hafundishwi kupandisha sauti.

*Deixa lá* ndiyo iliyonikalisha.
Acha kule, akatafsiri.
Niache nini? Kule wapi?
Akanyoosha bisibisi kuelekea ziwani,
hapakuwa na kitu ila gugumaji likienda na maji.
Kule si mahali, mama. Mtu akikosea, akiumia kidogo,
unamwambia hivyo, anatua.
Nanyi mnasema achana nayo. Nayo ni nani?
Sikuwa na jibu. Nikamwongezea sukari.

Kifaa kilifika siku ya kumi na tisa.
Akawasha, moshi ukatanda hadi kwa wauza barafu,
akanipungia: *Estamos juntos!*
Tuko pamoja. Anaondoka, anasema tuko pamoja.
Nilitaka kumuuliza sarufi yake, lori likapinda.

Jumapili. Nélio, nikasema,
nimesimama, daftari mkononi kama karani wa kura:
*a gente vamos...*
Kicheko kikanipasukia sikioni.
*Vai, vovó! Vai!*
Nikafumba mdomo. Miaka sitini na mitatu,
nasahihishwa na meno ya utoto.
Kisha polepole, kwa sauti ya mama yake
enzi zile akiwa na homa:
*Deixa lá.*

Nikatua.

Usiku nikafungua daftari.
*Vai*: anakwenda.
*Vai*, na *a gente* mbele yake: tunakwenda.
*Vai* tupu, mtu akikuelekea: nenda.
Sasa sijui mtoto alinisahihisha
au alinituma.

Leo dagaa wameingia weupe, hawana mchanga.
Nimetenga sado mbili chini ya meza.
Mama Ng'wasi kauliza bei.
Nimemwambia hizi zina mwenyewe.