Herufi W

Mimi ni karani wa baraza la mji wa Kinharrow, Uskoti.
Kazi yangu ni kumbukumbu za vikao:
nani alikuwepo, nani alituma udhuru,
chai ililetwa saa ngapi.

Miaka kumi na tisa nimeandika
suala limepokelewa,
suala linashughulikiwa,
suala litaangaliwa upya robo ijayo.
Itazame hiyo w.
Herufi moja tu, imejibanza tumboni mwa kitenzi,
na nyuma yake halmashauri nzima imejificha,
ghorofa nne, na lifti inayofanya kazi.

Jumanne ya pili ya Januari alikuja Netta Gowans
wa Jengo la Lorne, ghorofa ya kumi na moja.
Lifti yao imekufa tangu Oktoba,
na goti lake moja ni la chuma,
kwa hiyo alianza kushuka saa nane
ili awahi kikao cha saa kumi.
Mkononi chupa ya jamu, kifuniko kimezungushiwa utepe.
Hakuleta jamu.
Alileta ukuta wa chumba cha mjukuu wake:
kipande cha karatasi yenye treni za bluu,
na juu ya treni, ukungu mweusi
ulioota manyoya.

Nje dirishani ulitanda ukungu mwingine, wa baharini.
Neno ni lile lile,
ila wa nje huaga ifikapo saa tano.

Akapita meza kwa meza. “Nusa.”
Wakanusa waliothubutu.

“Nimepiga simu mara thelathini na nne,” alisema,
“na kila mara napewa namba mpya.
Nina namba nyingi kuliko vidonge.
Mliniambia nifungue madirisha. Ni Januari.
Mliniambia nisianike nguo ndani.
Nikazianike wapi, mawinguni?
Mkaniandikia kwamba tunapumua sana.”

Barua hiyo naijua.
Pumzi za wakazi huchangia unyevu.
Niliipiga chapa mimi.

“Basi Struan amepunguza kupumua,” akasema.
“Ana miaka sita. Anajitahidi.”

Diwani Haldane, mwenyekiti, akaangalia saa.
Akamshukuru kwa kufika.
Akaeleza kwamba mkandarasi anasubiri bima,
bima wanasubiri ofisi ya nyumba,
na ofisi ya nyumba, nikakumbuka, ni sisi.
Danadana ya miaka miwili,
na mpira wenyewe una pumu.

Usiku nilikaa mbele ya kompyuta.
Vidole vilikuwa vimeshaandika limepokelewa,
vyenyewe, kama farasi ajuaye njia ya zizini.
Nikafuta.
Nikaandika: Bi Gowans aliuliza, lini?
Diwani Haldane hakujibu.
Maneno matatu,
nikatetemeka kama niliyevunja kabati la watu.

Februari, ajenda ya kwanza, kuthibitisha kumbukumbu.
Haldane akavua miwani.
“Hii imeandikwa na nani?”
Hata swali lake lilikuwa nayo.
“Nimeandika mimi,” nikasema.
Kimya. Mtu akakoroga chai isiyo na sukari.

Wakasahihisha.
Sasa pale pamesomeka: majibu yatatolewa.

Alhamisi yake fundi alipanda Lorne,
ngazi mia mbili na kumi, akihema,
na ndoo ya rangi nyeupe,
akapaka juu ya treni, juu ya ukungu,
akaomba sahihi.
Netta alimpa chai na biskuti. Si kosa lake, alisema,
naye alikuwa na mwanga wa kutosha kusoma hati:
kazi imekamilishwa.

Chupa ile imo kwenye droo yangu.
Aliisahau kikaoni, au hakuisahau.
Asubuhi hufungua droo kutafuta kalamu
na kuichungulia.
Treni mbili zimeshamezwa, imebaki ya tatu.
Ukungu hauna robo ijayo.
Hauahirishi kitu.